Diwani Asiyetulia

Diwani wetu mwanamke hajui kutulia. Kikaoni huchezesha mguu chini ya meza, huvuta kilemba, huinua mkono na kuushusha, maana mwenyekiti humpa nafasi mwanamume aliye nyuma yake. Jana hoja ya vyoo vya shule ya wasichana ilikuwa inazikwa hivi hivi. Akasimama.

“Mama, keti, zamu yako itafika,” mwenyekiti akamwambia.

“Nitaketi nikishasema, mheshimiwa.”

Wasemaji wawili wakajaribu kuendelea huku yeye akiwa wima mbele yao, wakakatiza maneno yao na kuketi. Mwishowe akaruhusiwa.

“Binti zetu wanakosa masomo kila mwezi kwa sababu choo hakina mlango,” alisema.

Hoja ikapita.

“Sasa mbona hukusema siku zote hizo?” mwenyekiti akauliza, kwa upole kabisa.

Diwani akacheka peke yake, mpaka machozi yakamtoka.