Kibao cha Arvi

Hilkka alikuwa na miaka sabini na moja, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akimngoja mtu mmoja tu. Wenzake uzeeni hungoja wajukuu, hungoja jua lirudi. Yeye alimngoja Reijo, na wala hakuona haya kulisema.

Kazi yake ilikuwa kuwasha jiko la sauna, chumba cha kuogea mvuke, ya chama cha waogeleaji wa maji baridi, pwani ya Oulu, kaskazini ya mbali, ambako bahari huganda mpaka watu hupita juu yake kwa baiskeli. Kila asubuhi alipasua kuni, akavunja barafu iliyoziba shimo la kuogelea, akakwangua ngazi. Kwenye chumba cha kuvulia nguo kulikuwa na misumari arobaini, na juu ya kila msumari kibao cha mti chenye jina la mwanachama. Msumari wa kumi na mbili haukuwa na kibao. Hapo ndipo Arvi, mumewe, alipokuwa akitundika koti lake.

Arvi alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha mbao. Nyaya za shaba zikapotea stoo, na Reijo, meneja, akasimama mbele ya wafanyakazi wote akasema amemwona Arvi akizipakia kwenye gari. Amemwona kwa macho yake! Polisi hawakupata hata kipande, lakini mji ule haukuwangoja polisi. Arvi akafukuzwa kazi, na chama nacho kikang'oa kibao chake. Hakupiga kelele. Alikaa dirishani miaka minne akiangalia theluji, kisha akafa.

Hilkka alitaka kitu kimoja: kibao kirudi kwenye msumari wake. Aliomba kila mkutano wa mwaka, na kila mwaka Kauko, mwenyekiti, alimjibu kwa upole ule ule wa kuudhi: "Hilkka, Reijo asipofuta maneno yake, mimi nifanye nini?"

Na Reijo alikuwa zake Hispania, anaota jua.

Basi Januari hii, baridi nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri, mlango ukafunguliwa, na huyo hapo. Amekuja kutembea, anasema. Ameikumbuka baridi ya kwao.

"Hilkka! Bado uko na kuni zako tu?"

"Niende wapi? Ingia, bosi. Jiko liko tayari."

Moyo ulimwenda mbio Hilkka kama msichana anayeposwa.

Ndani walikuwa tisa. Reijo akapanda benchi la juu kabisa, penye moto mkali. Anayekaa pale halafu akashuka wa kwanza huchekwa mpaka kiangazi, na Reijo hakuwa mtu wa kuchekwa. Hilkka akakaa karibu na jiko, kata mkononi. Akamwaga maji juu ya mawe ya moto yaliyopangwa jikoni, mvuke ukapanda.

"Reijo, humu ndani watu hawadanganyi. Zile nyaya alichukua nani?"

Kauko akajikohoza. "Jamani, tumekuja kupumzika..."

"Sikukuuliza wewe." Akamwaga kata ya pili. Masikio yakaanza kuungua.

Reijo akacheka! Alicheka kweli, huku anajifuta jasho. "Bado tu mambo hayo? Haya. Alichukua shemeji yangu. Ana watoto watatu, ningefanyaje? Arvi hakuwa na mtoto. Umeridhika?" Kisha akawatazama wengine mmoja mmoja. "Na sheria mnaijua, wazee. La sauna hubaki sauna."

Walikuwa wanaijua. Kinachosemwa mle hakivuki mlango. Wazinzi wameungama mle, walevi wamelia mle, na hakuna aliyewahi kupeleka neno nje. Watu wote wakainamisha vichwa. Miaka kumi na tisa ya kupanga, na Hilkka alikuwa amelisahau hilo! Alitamani ampige na ile kata.

"Sasa majini," akasema Reijo, akashuka taratibu, wa nne, kwa heshima zake zote.

Hilkka akamfuata. Nje jua lilikuwa jekundu, limelala juu ya barafu, na ilikuwa saa saba tu mchana. Reijo akateremka ngazi mpaka shingoni, akapiga mbizi moja, akaibuka anahema. Ngazi ilikuwa moja tu. Hilkka alikuwa amesimama juu yake, na viatu vyake vya mpira.

"Sogea, Hilkka."

"Sisogei."

"Maji ya baridi haya!"

"Hata jana yalikuwa ya baridi. Reijo, hapa si sauna. Hapa ni nje, na maneno ya nje hayana mlango. Sema."

"Mwanamke una wazimu wewe! Kauko! Mwambie!"

Kauko na wenzake walikuwa wametoka, mabega yanafuka mvuke, wamejipanga kwenye gati la mbao. Hakuna aliyeinua mguu. Sylvi, muuguzi mstaafu, aliivuta kofia yake ya sufu mpaka masikioni. "Dakika mbili hazijamuua mtu," akasema.

"Vidole sivisikii!"

"Arvi hakuupata usingizi miaka minne. Sema."

"Arvi hakuiba!"

"Uzee huu, masikio yangu mabovu."

"ARVI HAKUIBA! ALIIBA SHEMEJI YANGU! MIMI NILIDANGANYA!"

Kule njiani watu waliokuwa wakitembeza mbwa wakasimama. Hilkka akampa mkono, akamvuta, akamtupia taulo lake. Ilikuwa raha ya kisasi, raha tamu, na aliionja yote.

Reijo alivaa bila kumtazama mtu, akaondoka. Ndipo Kauko akafungua kabati lake, akaingiza mkono hadi nyuma kabisa, akatoa kibao kidogo cha mti. Herufi zilikuwa bado nyeusi: ARVI.

"Nilikitunza," akasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi sikuwahi kuamini kwamba aliiba."

Hilkka akakichukua. Akakifuta kwa kiganja, akakitundika mwenyewe juu ya msumari wa kumi na mbili, akakinyoosha. Kisha akageuka.

"Hukuamini?"

"Hata siku moja."

"Miaka yote kumi na tisa?"

Tabasamu la Kauko likamwishia mdomoni. Hilkka alikuwa ameshatia magogo mawili jikoni, na sasa anajaza ndoo mpaka pomoni.

"Rudi ndani, Kauko," akasema. "Wewe kaa benchi la juu."