Zuhura wa Mashineni

Naikumbuka Jumamosi moja kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, na babu yenu akinisikia nasema hivyo hununa mpaka jioni. Nakusimulia wewe, mjukuu wangu, kwa kuwa juzi ulikuja kunionyesha barua yako ya kazi ya chekechea, pamoja na zile picha nzuri za kubandika ukutani: uwanja wa ndege, maghorofa, gari la zimamoto. Nilizitazama moyo ukanipiga. Na mimi nilikuwa nazo za namna hiyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuoni moja kwa moja, nimetoka kwetu Singida, nimepangiwa watoto wadogo hapa Pangani, Kibaha. Nilijiona najua. Kila asubuhi niliwasimamisha mmoja mmoja nikawauliza wanaishi wapi, nao wakajibu walivyosikia kwao: kwa mjumbe, kisimani, nyuma ya msikiti. Zuhura, mtoto wa miaka mitano mwenye sauti ya chini, akasema, "Naishi mashineni kwa Mzee Sefu." Nikamkatiza. Nikamwambia hayo ni maneno ya mtaani, mtoto wa shule husema, "Naishi Kibaha." Nilimrudisha mara tatu mbele ya wenzake mpaka akasema nilivyotaka. Wenzake wakampigia makofi, nami nikaona nimefanya kazi.

Jumamosi hiyo nilikwenda Kwa Mathias kununua chaki. Nikamkuta mama yake Zuhura katikati ya kituo cha mabasi, kanga imemwanguka begani, anaita jina la mwanawe kwa sauti iliyokwisha kukauka. Alikuja kumpokea mama mkwe wake aliyetoka Chole, kule Kisarawe. Alimwachia mtoto mkono kidogo tu, ashushe kiroba cha mihogo, na alipogeuka mtoto hayupo. Mabasi yanaingia, mabasi yanatoka. Bibi mwenyewe alikuwa kando ya kiroba, macho yako barabarani. Nikampa shikamoo. Hakuitika. Nikadhani hakunisikia.

Tulitafuta saa nzima, nyuma ya vibanda, vyooni, chini ya meza za wauza samaki. Simu za mkononi hatukuwa nazo enzi hizo. Mwisho muuza karanga mmoja akasema, "Katoto kenye gauni la njano? Kalikuwa kanalia hapa. Tukakauliza kanakaa wapi, kakasema Kibaha. Tukakapakia kwenye gari, kondakta akakashushe Maili Moja."

Wewe ni mwenyeji, unajua. Ukiwa Kwa Mathias ukasema unakwenda Kibaha, watu wanaelewa Maili Moja, mjini. Wale walimsaidia mtoto kwa moyo safi, na huku wanamtenga na mama yake. Ni mimi peke yangu niliyejua jibu lile limetoka wapi, na sikusema kitu. Nakwambia ukweli, mwanangu, wakati ule niliogopa kuulizwa kuliko nilivyomwogopea mtoto, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Maili Moja tulikwenda wote watatu. Tulimkuta kwa mama mmoja muuza nyanya, amekalishwa juu ya tenga, macho yamevimba. Mama yake alimkumbatia.

"Nimemuuliza kwao mpaka nimechoka," muuza nyanya alisema. "Ananiambia Kibaha tu. Nikamwambia hapa ndiyo Kibaha, mwanangu, sasa Kibaha ipi? Akazidi kulia. Tena kuna baba mmoja alikuja anasema anamjua, ampeleke. Mtoto akamkataa. Nikamwambia hapa haondoki mtu."

Bibi akachuchumaa mbele ya mjukuu wake. "Zuhura, mama, si unapajua kwenu?"

Mtoto alinitazama mimi kwanza. Halafu akasema taratibu, "Mashineni kwa Mzee Sefu. Lakini Mwalimu amekataza."

Bibi aliinuka polepole. "Mwalimu," aliniambia, "mtoto huyu njia ya kwao alikuwa nayo mdomoni. Wewe ukamwambia aiteme. Pale Kwa Mathias nusu ya wauzaji wanasagisha kwenye mashine ya Mzee Sefu. Angelitaja jina hilo, angekuwa nyumbani kabla chai haijapoa."

Nilimwomba radhi. Nikampa tena shikamoo, nikiwa nimepiga goti pale pale kwenye vumbi. Akamshika mjukuu wake mkono, wakaenda zao.

Jumatatu nilizitoa picha zote ukutani. Nikawatoa watoto nje, wameshikana mikono wawili wawili, tukauzunguka mtaa. Wao ndio walionifundisha. Hapa kisimani, hapa kwa mjumbe, hapa kwa fundi baiskeli, hapa zahanati, yule ni Mama Shukuru wa maandazi. Tulipofika mashineni nilimwomba Zuhura atutajie mahali pale. Alisita, akaniangalia usoni, kisha akapaza sauti kushinda mashine yenyewe. Bibi yake alikuwa barazani nyumba ya pili, anamenya mihogo. Nikasimama, nikasema shikamoo ya tatu.

Alitazama mstari wa watoto toka wa kwanza hadi wa mwisho. "Marahaba, Mwalimu," akasema. "Wapitishe na upande wa makaburini, napo wapajue."

Basi mwanangu, picha zako bandika, sikukatazi. Ndege watoto watakuja kuijua. Lakini kabla ya hapo kila mtoto ajue jina kamili la mama yake na jina analoitwa mtaani, amjue mjumbe wake, jirani wa kumkimbilia, na kitu gani kiko karibu na kwao. Neno alilokuja nalo kutoka nyumbani usimnyang'anye. Mwongezee Kibaha, mwongezee na Tanzania, ila mashineni mwachie.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira na kifua cha kusema mchana kutwa, na kila mtoto atakayepita mikononi mwako, popote atakapopotelea, awe na neno la kumrudisha kwao.