Wanataka Nibadilishe Mwisho wa Hadithi ya Kemunto

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, sijaolewa. Nauza vitabu katika duka la Wahindi mjini Kisii na jioni narudi kwetu Kiogoro. Nimemwomba mhariri anifichie jina kwa sababu kanisani kwetu gazeti hili linasomwa sana. Tangu mambo haya yatokee sijalia. Mama anasema nina moyo mgumu. Si moyo mgumu, mama. Ni kwamba nikijitafuta ndani sipati kitu.

Nina rafiki, nitamwita Kemunto ingawa si jina lake. Alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa upande wa Nyamira. Tulijuana dukani, alikuja kutafuta chaki za rangi, akakawia mpaka Muhindi mwenye duka akaniuliza kama ni dada yangu. Nikasema ndiyo. Baadaye nilihamia kanisa lao ili tuwe tunaonana kila Sabato. Tunapendana, na nasema kupendana kama mnavyojua nyinyi mlio na waume na wake. Hakuna aliyejua. Kwetu wasichana wawili wakishikana mikono njiani hakuna anayegeuka kutazama.

Sabato mchana Kemunto alikuwa akiwakusanya vijana nyuma ya kanisa na kuwasimulia hadithi. Iliyotuponza ni ile mliyoisoma nyote shuleni, ya msichana anayeteswa na mama wa kambo, akaenda karamuni kwa mfalme akaacha kiatu. Kemunto aliigeuza. Kwake msichana alikuwa mchuma chai mwenye vidole vyeusi, mlimani kulikuwa na joka, na aliyezunguka na kiatu mkononi hakuwa mwana wa mfalme, alikuwa binti wa mfalme. Binti anapiga magoti kwenye matope, anamvisha, anamwambia, "Nimepita kila boma nikikutafuta wewe." Wanaoana, na joka ndilo linalopika chakula cha arusi. Vijana walicheka, kisha wakamwomba aisimulie tena.

Msichana mmoja alienda kumsimulia mama yake kwa furaha. Sabato iliyofuata, baada ya ibada, Kemunto akaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa benchi la nyuma.

"Mwalimu, huyo binti wa mfalme ni nani?" mzee aliyeongoza alimwuliza, tena kwa upole.

"Ni mtu wa hadithini, mzee."

"Hakuna unayemjua?"

"Hakuna."

Hakugeuka kunitazama hata kidogo. Nilijua ananikinga, na nilijua napaswa kuhisi kitu. Nilikuwa natazama nzi aliyetua begani kwa mtu wa mbele yangu.

"Basi sema ulikosea. Sema aliyeleta kiatu ni mwana wa mfalme, yaishe."

"Siwezi, mzee. Hakuwa yeye."

Walimwondoa ushirikani, na Jumatatu shule ikamwambia asirudi.

Siku chache baadaye yule mzee alifika kwetu pamoja na mama yake Kemunto. Mzee akaniambia, "Wewe ni rafiki yake na vijana wanakusikia. Sabato ya mwisho wa mwezi uwasimulie hadithi hiyo vile ilivyo, mwana wa mfalme amwoe msichana. Ukifanya hivyo tutasema ulikuwa mchezo tu, na mwalimu atarudi kanisani na kazini."

Mama yake Kemunto akanishika mkono. "Mwanangu, ni maneno tu. Baba yake amesema akikaa nyumbani bila kazi atamwoza kwa mwanamume wa Keroka aliyefiwa na mke. Ni maneno tu, nisaidie." Nikamwambia nitafikiria.

Nilimwendea Kemunto. Nilimkuta nyuma ya jiko akimenya ndizi, nikamweleza yote. Hakuacha kumenya.

"Isimulie wanavyotaka," alisema. "Sitakulaumu."

Nikadhani amemaliza. Akatia ndizi kwenye sufuria, akafuta kisu kwa kanga.

"Lakini siku moja mtu akiniuliza kama kuna mtu aliyewahi kunitafuta, nitasema hakuna."

Nilirudi mjini nikafungua duka. Mtu aliomba daftari nikampa wino. Muhindi akaniuliza, "Wewe mgonjwa?" Nikasema hapana, na kweli hakuna mahali panaponiuma.

Nikisema ni mwana wa mfalme, Kemunto anapata kazi yake na mimi nampoteza. Nikisema ni binti, kanisa zima litajua ni mimi, na yeye atapelekwa Keroka. Nikikaa kimya atapelekwa vilevile. Nyinyi mnaosoma ukurasa huu, baba zangu, mama zangu, dada zangu, msinitukane kwanza. Niambieni tu: nikisimama mbele ya wale vijana, nimtaje nani?