Gari la Marehemu Mpima Ardhi

Fundi Kioo ana tabia moja mbaya: huligonga gari kabla hajamsalimia mwenye gari. Hata kwenye mazishi ya jirani aliwahi kuligonga gari lililobeba jeneza, mkewe akamfinya mpaka akaruka. Si ufidhuli, ni kazi imemkaa mwilini. Bati zima hulia ngwa, bati lililofichwa chini ya puti, ule udongo wa kuzibia mashimo, hulia bu, na kwa hiyo bu moja tu fundi huyu atakwambia puti ni nene kiasi gani na aliyeipaka ni mvivu wa namna gani. Hapo husikitika, hutikisa kichwa, na husema maneno makali kuhusu mafundi wa siku hizi.

Asubuhi hiyo hakugonga kitu. Alisimama mbele ya gari la marehemu mpima ardhi, mikono mfukoni, akaanza kuulizia hali ya watoto, ya wajukuu, ya miguu na ya presha, mpaka mjane mwenyewe akashangaa.

Gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta, nyuma ya nyumba ya mdogo wa marehemu. Ni gari la zamani la milango minne, pua ndefu, taa za mviringo, rangi ya samawati. Enzi zake likipita watu walikatiza mazungumzo. Sasa tairi zote nne zilikuwa zimekaa chini, panya wamehamia kwenye viti, na chini ya milango rangi ilikuwa imevimba malengelenge.

Mjane alieleza shida yake bila kuzunguka. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja adhuhuri. Watoto wanasema liuzwe, yeye moyo unakataa. Marehemu alishausia kwamba gari lile asiliguse mtu isipokuwa Kioo, na kwamba Kioo akisema limekufa, basi limekufa.

"Kwa hiyo nakusikiliza wewe, fundi," alisema. "Linafaa au halifai?"

Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, kwamba waliliacha hapa likiwa zima, likaja kwa miguu yake lenyewe, ila walioachiwa wakaliachia mvua. Mdogo wa marehemu alikuwepo hatua tano tu kutoka hapo, kando ya pipa la maji, amekumbatia turubai la kulifunikia gari, limekunjwa vizuri. Alisikia kila neno. Mwaka wa nne huo shemeji yake hamsemeshi. Salamu zinapitia kwa watoto. Kwenye shughuli za ukoo vijana wamempachika jina, wanamwita Mzee Kutu, naye hucheka nao, maana angefanyaje?

Sasa ngoja nikwambie kilichomfanya fundi atie mikono mfukoni.

Miaka ishirini na miwili nyuma alikuwa ndiyo kwanza amefungua karakana, ana mtungi mmoja wa gesi ya kuchomelea na wateja wawili. Mpima ardhi akaja Jumatano na gari hilohilo. Mabati ya chini ya milango, yale yanayobeba bodi nzima, yalikuwa yametoboka, naye alilitaka Ijumaa ampeleke bintiye kwenye kazi yake ya kwanza. Fundi akakubali. Alhamisi gesi ikakata. Mtu mwungwana angesema, mzee, gesi imekata, nipe wiki. Yeye akakata mikono ya ovaroli yake kuukuu, akaisokomeza kwenye matundu, akapaka puti juu, akapiga msasa, akamwaga rangi. Hata vile vitundu vya chini ambavyo kiwanda huviacha ili maji yatoke, aliviziba, visije vikaharibu umbo.

Ijumaa gari liling'aa. Mpima alichana nywele akijitazama mlangoni, akacheka, akamwita Kioo. Jina likashika. Akamsifu ofisini, akamsifu kila alikokwenda, na kabla mwezi haujaisha karakana ilikuwa na foleni. Fundi alijiambia ataliita gari alirekebishe inavyotakiwa. Ndiyo hivyo, mwakani, mwakani. Kadiri sifa zilivyozidi ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito. Baadaye akaacha hata kulifikiria, au alidhani ameacha.

Sasa fundi alipiga magoti, akachukua bisibisi, akaigusisha chini ya mlango wa dereva. Haikugonga. Iliingia yote mpaka mpini, kama kisu kwenye mkate. Kipande cha puti kikadondoka, na nyuma yake kikachungulia kitambaa cha kijani kibichi, kimelowa, kina kifungo cha chuma. Jamani! Alikitambua kifungo kile kabla hajakitambua kitambaa. Akakirudisha ndani kwa kidole gumba, upesi, kama mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni.

Akalala chali, akaingia uvunguni. Kila kitu kilikuwa kinaeleweka. Vitambaa vimekunywa maji miaka yote hiyo, vitundu vimezibwa, maji hayana pa kutokea. Kutu imekula bati kutoka ndani, ikahamia sakafuni, ikafika kwenye chasisi. Paa lilikuwa zima. Boneti zima. Sehemu zote zinazonyeshewa na mvua zilikuwa salama, na zilizooza ni zile tu alizozishika yeye. Turubai halikuwa na kosa lolote.

Alikaa uvunguni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Shetani naye hakulala, akampa njia mbili, zote za mkato. Akisema halifai, adhuhuri hii lori linabeba gari na mikono ya ovaroli humohumo, biashara imekwisha. Akisema linafaa, linakokotwa mpaka karakana kwake, anakata mabati peke yake, anachoma vitambaa, na wiki mbili baadaye anasifiwa upya. Kwa njia zote mbili jina lake linabaki safi, na mtu wa pale kwenye pipa anabaki Mzee Kutu mpaka kaburini. Nasikitika kusema alizipima njia hizo. Alizipima kwa makini, kama mtu anayechagua rangi.

Alipotoa kichwa alimkuta mdogo wa marehemu amechuchumaa karibu yake.

"Fundi," alinong'ona, "ule mwaka wa mvua nyingi nilisafiri. Nilichelewa siku mbili kulifunika. Ndizo hizo siku mbili, siyo?"

Hapo fundi aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Kumbe mtu huyu hakuwa anavumilia uonevu tu, alikuwa ameuamini. Alikuwa amekaa miaka minne akihesabu siku zake mwenyewe akitafuta kosa, akaishia kuokota siku mbili.

Fundi akasimama, akamwita mjane asogee. Aliinama, akavuta kile kitambaa taratibu mpaka mkono mzima wa ovaroli ukatoka, unachuruzika maji meusi, akauweka juu ya boneti mbele yao wote wawili.

"Hii ni nguo yangu, mama," alisema. "Niliiweka mimi, mwaka ule wa kwanza, badala ya bati. Kilichooza kimeoza kwa sababu yangu. Huyu shemeji yako alilitunza."

Mjane aliutazama ule mkono. Akauliza kama mumewe alijua. Fundi akajibu hakujua, alikuwa akimsifu tu. Ilimtoka kwa sauti ndogo sana. Alisubiri matusi, na kwa kweli aliyatamani, maana angalau yangempa kitu cha kuinamia. Mjane hakumtukana. Alimgeukia shemeji yake, akasema, "Shemeji, nisamehe," akajifuta macho kwa upande wa mtandio.

Kisha akarudia swali lake kwa fundi, sasa kwa ukavu. Linafaa au halifai?

Fundi alisema linafaa. Injini haijashikana, milango na paa vizima. Sakafu ikatwe yote, mabati ya chini yawekwe mapya, chasisi ichomelewe mahali pawili. Kisha akasema alipeleke kwa fundi mwingine, na huyo fundi asiruhusiwe kupaka rangi mpaka mjane mwenyewe ameona chuma kwa macho yake. Mjane akaitikia kwa kichwa. Hakumbembeleza abadilishe mawazo.

Alipokuwa akikusanya vyombo vyake, mdogo wa marehemu alimfuata, akamshika mikono yote miwili, hivyohivyo ilivyokuwa na matope na kutu, akamshukuru. Alimwambia amemtua mzigo, Mungu amzidishie. Kisha akamuuliza, kwa upole wake uleule, kama ameshakunywa chai.

Fundi, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni, alitazama chini akajibu kwamba ameshiba.