Bastola na Ukuta wa Jirani

Mwaka aliofariki mume wangu, wezi walivunja dirisha la jikoni nikiwa kanisani. Walichukua televisheni, na koti lake la mvua lililokuwa bado limening'inia nyuma ya mlango. Televisheni sikuililia. Polisi aliyekuja kuandika maelezo aliniuliza kama naishi na mtu, nikamwambia mume wangu amesafiri.

Wiki hiyo niliamua kununua bastola. Nilikuwa nimefundisha wauguzi hapa Durban miaka mingi, nina ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria iliniruhusu. Nikaenda mafunzo, nikafaulu, kisha nikaenda dukani kuchagua.

Muuzaji, mzee wa Kihindi mwenye sauti ya upole, alitandika kitambaa juu ya meza, akaweka bastola fupi inayoenea mkobani, na kando yake mtutu wa pili.

"Hii imeundwa kwa risasi ya arobaini," alisema. "Ni karibu milimita kumi, nene na nzito. Lakini ukitoa mtutu huu ukaweka ule, unapiga milimita tisa. Tisa ni nyembamba kidogo, na haina teke kali. Unafanyia mazoezi tisa, nyumbani unaweka arobaini."

Akaufungua mwili wa bastola, akachomoa mtutu, akapachika mwingine, kama mtu anayebadilisha betri za tochi. Magazini, kile kikasha cha risasi, nacho hubadilishwa, akasema, na mtutu wa pili huombewa leseni yake peke yake. Kisha akanionyesha bastola nyingine, ya tisa tu, isiyobadilishwa kitu.

Mume wangu angekuwa na la kusema. Hata akinunua birika alimuuliza muuzaji maswali mpaka mtu wa watu akachoka. Mimi nilisimama pale nikiitikia tu.

Nyuma ya duka palikuwa na uwanja wa shabaha. Mkufunzi alikuwa mama wa Kizulu aliyewahi kuwa polisi. Nilianza na arobaini. Ilinirusha mkono juu, na risasi ya pili sijui ilikwenda wapi. Tulipoweka mtutu wa tisa nilitulia, matundu yakaanza kukusanyika katikati ya karatasi. Nilidhani tumemaliza, lakini yeye akaniuliza, "Nyumbani kwako, mama, nani analala upande wa pili wa ukuta?"

"Hakuna mtu. Naishi peke yangu."

Sikuwa nimelisema neno hilo kwa sauti tangu mazishi. Nikashughulika na miwani ya kukinga macho ili asinione uso.

"Nyumba yako imesimama yenyewe?"

Haikuwa hivyo. Nyumba yetu, upande wa Cato Manor, imeungana na ya mjane mmoja wa Kihindi tuliyezoea kumpungia mkono getini.

"Eish, mama. Basi kajue kwanza kitanda chake kiko wapi. Iwe tisa, iwe arobaini, kuna kuta zisizozuia risasi."

Jioni ile nilibisha kwa jirani. Miaka yote ile sikuwahi kuvuka kizingiti chake.

"Anti," nilimwambia, "naomba unionyeshe unapolala."

Aliniingiza ndani kwanza. Nilipomweleza sababu hakucheka, alinishika mkono akanipeleka chumbani. Kitanda chake kilikuwa kimegusa ukuta wetu, sawasawa na mlango wa chumba changu. Mtu angesimama mlangoni kwangu nikamfyatulia nikiwa kitandani, anti angekuwa nyuma yake.

"Nakusikia unapoongea naye," alisema.

Nikajikuta nimeketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Mwanzoni nilidhani una mgeni. Baadaye nikaelewa. Mimi marehemu wangu nilimsemesha miaka. Usiache kwa ajili yangu."

Nilichagua bastola ya tisa, ile isiyobadilishwa mtutu. Muuzaji alijaribu kunishawishi kwamba baadaye huenda nikatamani nguvu zaidi, nikamwambia hapana. Leseni ilichukua miezi kutoka. Nikiisubiri, nilisukuma kitanda changu mpaka kwenye ukuta wa anti, ili nikilenga mlango nimpe yeye mgongo. Tukawa tunalala vichwa vimekaribiana, matofali katikati. Nilianza kumsikia akikohoa, na alfajiri akiimba taratibu kwa lugha nisiyoijua. Hapo ndipo nilipoanza kupata usingizi.

Bastola ilikuwa imeshaingia kwenye sefu pale mwana wa anti alipokuja kumchukua akaishi naye mtaa wa Chatsworth. Nyumba yake haijapata mpangaji mpaka leo. Nikimsemesha marehemu mume wangu sasa, nashusha sauti bila sababu.

Jumapili moja nilimtembelea anti. Aliniuliza kama nalala vizuri, nikamwambia nalala. Hakuniamini, naona, maana alinikatia kipande kikubwa cha keki akasema nisiondoke kabla ya chakula cha jioni. Nilikaa.