Bamia Zilizokomaa

Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo walimwita mpishi wao Mama Kionjo, kwa sababu hakuna sufuria iliyotoka jikoni kwake kabla hajaionja mara tatu. Mboga zake zote zilitoka kwenye kishamba cha kaka yake, nyuma ya ukuta wa kiwanda: bamia, bilinganya, mamumunye, na matuta mawili ya giligilani na rehani. Kila msimu na zake. Kupika hakukumchosha hata kidogo. Aliyemchosha ni huyo kaka.

Kaka mtu aliamini kwamba kizuri ni kikubwa, basi. Bamia ikifika urefu wa kidole, wakati ndipo ilipo laini na tamu, yeye aliionea huruma akaiacha ikue. Giligilani aliiacha mpaka itoe maua. Dada yake alishamweleza kwa upole, kwa ukali, hata kwa machozi, na ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Kisha akaja meneja mpya. "Jumatano nitakula hapa," alisema. "Nikiridhika, tunaendelea na mboga za shambani. Nisiporidhika, tunaleta za makopo." Kishamba hakikuwa na mnunuzi mwingine. Na kaka, tangu aanguke kutoka juu ya ukuta aliokuwa akiujenga akaumia mgongo, hakuwa na kazi nyingine.

Jumanne Mama Kionjo alimfuata kwenye matuta. "Kaka, nakuomba. Kesho chuma ndogo ndogo. Bamia za kidole, giligilani changa."

"Nimekusikia, mdogo wangu."

"Umenisikia au umenielewa?"

"Nenda kapumzike. Sitakuangusha."

Asubuhi toroli liliingia jikoni. Bamia zilikuwa ndefu kama mpini wa mwiko na ngumu kama kuni. Bilinganya zilikuwa zimejaa mbegu. Giligilani ilikuwa vijiti vitupu na mbegu mbichi, na mumunye moja lilikuwa limechukua nusu ya toroli.

"Mtu mkubwa hapewi vitu vidogo," kaka alieleza, uso umemng'aa. "Hizi nimezificha wiki tatu nikingoja mgeni kama yeye."

Mama Kionjo alitamani kumtupia mumunye lile, ila uzito wake ulimshinda. "Mchuma janga hula na wa kwao," alisema, akashika kisu.

Alipasua bamia moja moja, akatoa mbegu kama mtu anayemenya njegere, maganda akayatupa. Mumunye lilitaka panga. Akalimenya, akakwangua moyo wote. Bilinganya akazitia chumvi na kuzikamua mpaka uchungu utoke. Mbegu mbichi za giligilani akazitwanga pamoja na rehani na kitunguu saumu, huku akimlaani mtu ambaye hawezi kumlaani kwa sababu ni wa tumbo moja. Kufika saa sita kidole gumba kilikuwa na malengelenge na gauni limemganda mgongoni. Akaipika mboga yote sufuria moja, akaonja mara tatu. Ilikuwa tamu kuliko chochote alichopika mwaka ule, na hilo lilimuudhi zaidi.

Meneja alimaliza sahani mbili, akaja mlangoni pa jikoni, ambapo kaka alikuwa amesimama na shati safi.

"Wewe ndiye mkulima?"

"Ndiyo, bosi."

"Hongera, mzee. Ladha hii ni ya mboga iliyoachwa ikakomaa. Mama, wewe usibadilishe chochote. Nataka hizi hizi, kila wiki. Makopo tusahau."

Akampa kaka mkono, akaondoka.

Mama Kionjo alifungua mdomo amweleze kaka yake kila kitu, kuanzia bamia ya kwanza. Lakini kaka alikuwa bado anautazama mkono wake ule ulioshikwa. Tangu aanguke, hakuna mtu aliyempa hongera kwa lolote. Basi dada mtu akaufunga mdomo, na ikamuuma, maana kazi ilikuwa yake.

"Uliniambia nichume ndogo," kaka alisema taratibu, wala hakumcheka. "Umeona ungetuponza?"

"Nimeona, kaka."

"Wiki ijayo nitaziacha kidogo zaidi."

Mama Kionjo alikitazama kidole chake, kisha akaenda kutafuta jiwe la kunolea kisu.