Ufa Juu ya Bwawa

Asubuhi ile ardhi ilitikisika nikinywa chai, sufuria zikagongana ukutani. Kazi yangu ilikuwa kutunza bwawa la udongo lililo juu ya mashamba ya mpunga ya Mwea, kwa hiyo niliacha kikombe nikakimbia. Juu ya ukingo nilikuta ufa mwembamba, wenye urefu wa hatua kama thelathini. Nilipiga simu ofisini mara moja, maana huko chini watu walikuwa wameinama wakipanda mpunga.

Injinia alifika kutoka Nyeri kabla ya saa sita, mama mpole aliyevaa gambuti. Alikoroga chokaa kwenye ndoo ya maji, akayamimina ndani ya ufa.

"Sasa tuchimbe, mzee," akaniambia. "Tufuate hiyo nyeupe mpaka iishe."

Tulichimba polepole. Mstari mweupe ulishuka hadi kina cha magoti, ukakonda kama uzi, ukaisha. Chini yake udongo ulikuwa mzima, tabaka juu ya tabaka, kila moja kama lilivyoshindiliwa na watu waliojenga bwawa kabla sijaajiriwa.

"Iko sawa?" nikauliza.

"Iko sawa. Ufa ni wa juu tu. Tutapunguza maji kidogo, tuuzibe."

Miaka yote nilitembea juu ya ukingo ule nikidhani ni rundo la udongo. Nilivua kofia, nikashuka shimoni nikaweka kiganja juu ya tabaka la chini. Lilikuwa baridi, gumu kama jiwe, na nyuma yake yalisimama maji yote yale. Injinia naye hakuniharakisha.